Nyumba Niliyoiangusha kwa Mdomo

Bi Kulthumu, salamu nyingi, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana zimebaki siku tisa tusafiri na sina wa kumwambia. Majina yote nimeyabadilisha.

Mimi naishi Mombasa na mume wangu Taha, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, Bi Mwanalima. Sisi ni Wabajuni, asili yetu kisiwa cha Chovae, lakini mama alizaliwa Kismayo, katika nyumba ya babu aliyekuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, nyumba ambayo kizingiti chake ni kipande cha mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, na kina matundu ya misumari mpaka leo. Vita vilipoingia tukakimbia, mimi nina miaka mitano, tukakaa kambini, ndipo tukaja Mombasa, na miaka yote hiyo mama neno lake ni moja, kurudi, kurudi, kila akisikia fulani amefika salama anaanza kufunga mizigo, mara mbili nimemkuta keshafika stendi ya mabasi. Wakati ule njia ilikuwa ya hatari kweli, niliogopa atanifia huko, na pia, wacha niseme ukweli, nilichoka kusikia. Basi miaka kumi na miwili iliyopita nikamkalisha kitandani nikamwambia mjomba Mbaraka, mdogo wake aliyebaki Kismayo, amepiga simu, nyumba imeanguka yote, hakuna kilichosalia ila kisima.

Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Na hicho kisima kina maji?" Nikamjibu kina. Tangu siku hiyo hakutaja tena kurudi, na mimi nikajiona nimefanya la maana.

Laiti ningeishia hapo. Mwaka uliofuata mjomba akapiga simu kweli, akasema nyumba imesimama lakini inaoza kwa kukosa watu, angependa kuitengeneza aweke wageni wa kulipa, ila hawezi kugusa hata jiwe bila radhi ya dadake kwa kuwa ni urithi wao wote wawili, nimpe mama simu ili yeye mjomba aisikie radhi mwenyewe. Mama hasikii vizuri, simu zote za kwao hupitia kwangu, na siku hiyo alikuwa chumba cha pili anachambua mchele. Nikamwambia mjomba mama amelala lakini nimeshamuuliza, ameridhia. Mjomba akalia, akamwombea dua. Toka hapo kila mtu anayekuja kwetu kutoka Kismayo namuwahi mlangoni namwonya asitaje nyumba, nasema mama ana presha.

Sasa Taha, ambaye naye anaamini nyumba ilianguka, amepanga sote pamoja na mama tukapumzike Kismayo siku tatu, tufike Alhamisi, Ijumaa tuswali huko, Jumamosi asubuhi mashua itupeleke Chovae na kuturudisha. Ametafuta malazi kwenye simu, akazungumza na msimamizi, akaniletea picha kwa furaha: nyumba nyeupe karibu na bahari, mlango umepakwa rangi ya buluu, na chini ya mlango ule mti wenye matundu. Bi Kulthumu, ndiyo nyumba ile ile ya babu.

Na mama mambo yake yamekamilika. Amenunua ubani wa kufukiza kwenye magofu, amenunua leso mpya ya kuketia juu ya mawe amsomee babake Yasini, na kila siku anamfundisha binti yangu Sabah: ukumbi ulikuwa hapa, jiko hapa. Juzi alimwambia Taha, "Mimi mchu mzima, sitawasumbua. Mutanipeleka pale kiwanjani nikae saa moja tu, halafu mwende zenu mukaogelee."

Nimefikiria kusema mtoto anaumwa ili safari ivunjike, au nimwombe mjomba aseme aliijenga upya. Niambie lipi lina madhara kidogo.

Swabra, Mombasa

—

Swabra,

Pole kwa hofu ya mwanzo. Hiyo naielewa, na mama wangapi wamezikwa njiani bila mtu wao karibu. Lakini ile hofu ina miaka kumi na miwili, na njia ilipotulia wewe uliendelea kusimama mlangoni kuziba watu midomo. Hapo hukuwa unamlinda mama, bibi wee. Ulikuwa unajilinda.

Uongo wa nyumba ni mbaya, ila kilichonichoma mimi ni ile radhi. Umeitoa radhi ya mama yako kama mtu anavyotoa kikombe cha jirani, na mwenyewe yuko chumba cha pili anachambua mchele! Hatua nane za kutembea, ukashindwa. Halafu mjomba wako, mzee wa watu aliyeomba ruhusa kabla ya kugusa jiwe, leo unataka umfanye mwongo mwenzio. Muache kabisa. Na mtoto wako usimtie ugonjwa kwa mdomo, umeshaona midomo yako inavyofanya kazi.

Hakuna lenye madhara kidogo. Sikuchagulii.

Leo, baada ya Alasiri, kaa chini mbele ya mama yako umwambie yote, kuanzia nyumba mpaka radhi. Kwa kuwa hasikii vizuri itabidi useme kwa sauti, na majirani wakisikia, wasikie. Usitangulize kilio, kwa sababu ukilia yeye ataacha yake akubembeleze wewe, namjua mama wa aina hiyo. Akinyamaza, nyamaza. Akikuuliza jambo mara tatu, mjibu mara tatu.

Taha umwambie jioni hiyo hiyo. Kisha mpigie mjomba simu ya video, umwombe asimame mlangoni, dada yake akione kizingiti cha baba yao, na wewe toka chumbani. Mambo ya ile nyumba wayamalize wenyewe: wageni wabaki, watoke, mama alale chumba gani. Hata kama mama ataikataa ile radhi uliyoitoa, usitie neno. Na ubani wake usiuguse, atajua pa kuufukizia.

Kuhusu mapumziko yenu, wacha safari iende. Mfungie mama begi lake vizuri, leso juu. Lako liache tupu mpaka akuambie kwa kinywa chake uje. Asipokuambia, Taha na watoto watamfikisha, na wewe utabaki Mombasa hizo siku tatu. Na wakirudi Mombasa bila yeye, kwa sababu ameamua kukaa kwao, usimpigie simu kumwambia njia ni mbaya.