Ulimi Wako na Karatasi Yangu

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika ingawa najua leo hakuna wa kuniitikia.

Nipo Manyoni, nimekalia sanduku langu la shule kando ya stesheni, narudi likizo. Treni imetushusha asubuhi, na lori la kwenda Singida bado linapakia magunia. Nina penseli, na daftari la kemia limebaki kurasa chache. Nina pia jambo nililowaficha wote nyumbani, isipokuwa wewe.

Tangu uondoke hakuna anayepika sabuni. Chungu chako cha magadi kimefunikwa nyuma ya ghala, Baba hataki kiguswe. Na mke mwenzio, Mama Mdogo, hayupo, Mama. Siku ya tatu baada ya kukuzika Baba alimfukuza, akarudi kwa kaka zake Mkalama na mtoto mgongoni. Baba alisema mbele ya watu, "Huyu ndiye aliyemshikia kata. Huyu ndiye aliyemlisha sumu mwenzake." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nina ulimi mzima kinywani. Nikanyamaza.

Kila kiangazi ulikwenda kukwangua magadi ziwani. Ukishayaloweka na kuyachuja, ulichota kwa kata, ukajaza kinywa, ukayazungusha mashavuni na kumeza kidogo. Yakikuchoma kidogo ulisema, "Yameiva." Yakipita hivi hivi, uliongeza magadi. Nilipokuwa mdogo nilikuiga nikakunja uso mzima, ukacheka mpaka ukafuta machozi kwa kanga. Ulimi wako haukuwahi kukosea. Wanawake wa jirani walikuletea maji yao uwaonjee.

Kisha ukaja na lile kopo la kostiki, dawa ya kiwandani ya kupikia sabuni, kutoka dukani Singida mjini. Mwenye duka alikuambia sabuni yake huwa ngumu, haiyeyuki ovyo kama yetu. Ulipofika nalo ulifikiri kidogo, halafu ukaniita mimi niliyekuwa likizo, ukasema, "Tumemsomesha ya nini kama hatumuulizi?"

Ee Mama, kichwa kilivyonivimba! Mfukoni nilikuwa na vikaratasi vyekundu vya litmasi, vya kupimia asidi na besi, nilivyochomoa shuleni ili nije kujionyesha. Nilichovya kimoja kwenye maji ya magadi, kikawa bluu. Nikachovya kingine kwenye maji ya kostiki uliyoikoroga katika chungu kingine. Bluu ile ile. Nikakuambia, "Ni ndugu na magadi, Mama. Zote ni besi." Mama Mdogo aligusa chungu cha kostiki akarudisha mkono haraka. Alisema, "Dada, maji yanayochemka bila moto siyaamini. Usionje." Nilimcheka. Nilimwambia hajawahi hata kuingia darasani. Wewe ukamwambia, "Nipe kata." Angefanya nini? Wewe ndiye mkubwa, akakupa.

Ulijaza kinywa kama siku zote.

Sitaandika sauti uliyotoa. Naisikia mpaka leo, hata treni ikipiga honi naisikia. Koo lilifunga. Kwanza uji ulirudi, kisha maziwa, mwisho hata maji. Ulikufa kwa njaa, Mama, ndani ya nyumba yenye mtama ghalani, na ilichukua wiki nyingi. Baba alikuuliza ni nani aliyekufanyia hivi, ukatikisa kichwa tu. Alidhani unamficha mke mwenzio. Mimi nilijua unamficha nani.

Nilirudi shuleni na mambo hayo kifuani. Siku moja mwalimu wa kemia aliweka glasi mbili mezani, moja ya siki, nyingine ya asidi ya chupa ya maabara, vipimo sawa kabisa. Karatasi ya bluu iligeuka nyekundu kote kuwili. Kisha akatumbukiza nyaya zilizofungwa kwenye kitaa kidogo. Kwenye siki kiliwaka kwa shida, kwenye ile nyingine kikawaka sana. Akatuambia karatasi inakujulisha ukoo tu, haikujulishi nguvu. Kwenye asidi yenye nguvu kila chembe huvunjika majini na kutoa ukali wake wote. Kwenye iliyo dhaifu huvunjika chache, nyingine hukaa nzima.

Nilinyoosha mkono. Nikauliza, na magadi na kostiki je?

Alisema besi nazo ni hivyo hivyo. Magadi ni besi dhaifu, chembe chache tu ndizo hutoa ukali majini. Kostiki humwaga wote, haibakizi kitu. Halafu akasema wingi ni jambo moja na nguvu ni jambo lingine. Hapo ndipo nilipouelewa ulimi wako. Miaka yote ulikuwa unapima wingi, magadi ni kiasi gani kwenye maji, na unapima kitu dhaifu kinachomsamehe anayekosea. Hukuwa na kosa lolote. Aliyekosea ni mimi niliyesoma rangi nikadhani nimesoma nguvu.

Swali hilo lilitoka kwenye mtihani. Nilipata alama zote, na mwalimu akawasomea wenzangu jibu langu. Nilikwenda nyuma ya vyoo nikatapika.

Sasa sikia ninachokuahidi. Sianzii nyumbani. Nitashuka Singida na kwenda Mkalama kwa miguu kama hakuna lori, nimwombe Mama Mdogo na kaka zake waje nami kwa Baba. Kopo lile bado lipo, nililichomeka kwenye paa la nyumba yetu ya tembe. Nitaweka kipande cha nyama kwenye maji ya magadi na kingine kwenye ya kostiki, mbele ya watu wote waliomsikia Baba. Watachovya karatasi wenyewe waone bluu mbili. Jioni watatoa nyama waone ile ya kostiki ilivyoliwa. Kisha nitasema kwamba Mama Mdogo alikukataza, na mimi nilimcheka. Baba akinifukuza, nitaondoka. Naogopa, Mama. Naogopa sana.

Dereva anatuita, nafunga daftari. Pumzika, mama yangu, umenificha vya kutosha. Shikamoo yangu ya kwanza huko ni ya Mama Mdogo. Asipoiitikia, nitakaa mlangoni kwake mpaka aitikie.

Mwanao.