Makubazi ya Ngozi kwenye Kiti cha Enzi

Toronto, Jumapili, 7 Novemba 2010

Leo nimejiapiza kusema yote kwenye blogu hii, hata yale niliyoyaruka jana kwa aibu. Saa zimerudishwa nyuma, kwa hiyo kufikia saa kumi na moja na nusu jioni mtaa wetu wa North York ulikuwa giza tupu, na mvua ya baridi inapiga dirisha tangu mchana. Nimechoka, na si uchovu wa kuondoka kwa kulala.

Jumamosi ijayo watoto wa hekalu letu la Kihindu tunaigiza ile hadithi kuu ya kale, ya mwana wa mfalme aliyefukuzwa akaishi msituni. Mimi ndiye msimulizi. Kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote: mdogo wake anakataa kutawala, anaomba viatu vya kaka yake, anavibeba kichwani na kuviweka kwenye kiti cha enzi mpaka mwenyewe arudi.

Hadithi hii nimeipata kwa Ba, mama yake baba, anayenisimulia kwa Kiswahili chake cha Tanga. Baba yake Ba alikuwa fundi viatu, kama wazee wake wote huko Gujarat. Tumezaliwa katika tabaka la washona ngozi, ambalo wengine huliona la chini kwa sababu ngozi kwao ni najisi. Katika hadithi ya Ba, kabla ya safari, fundi maskini anamshonea mwana wa mfalme makubazi, naye mwana huyo wa mfalme anakaa mlangoni kwa fundi, wanakula sahani moja. Mafundi wa Tanga walikuwa na ukumbi wao mdogo. Kila mwaka msimulizi alipofika hapo alinyamaza, fundi mzee kuliko wote akasimama na kusema, "Tulishona sisi." Ndipo hadithi ikaendelea.

Sikujua kwamba sehemu hiyo ilikuwa yetu peke yetu.

Basi jana nilikwenda mazoezini na makubazi aliyoyashona baba yake Ba, yamefungwa kwenye khanga. Ba mwenyewe aliyapaka mafuta, akaja nami, akaketi nyuma kabisa. Niliyaweka kwenye kiti cha enzi. Anti Hansa, anayetufundisha mchezo, aliruka kama aliyeona panya.

"Toa, toa! Ngozi hapa ndani? Viatu vyake ni vya mbao, beti, binti yangu."

Nikamwambia kwamba fundi ndiye aliyevishona.

"Fundi gani? Hakuna fundi humu!"

Wenzangu walicheka. Kisha akamgeukia rafiki yake, Anti Kokila, wakaongea Kiswahili, kama wafanyavyo watu wazima wa hapa wakitaka watoto tusielewe. Wengi hawaelewi. Mimi naelewa.

"Hawa si wale mafundi viatu wa Tanga?" aliuliza Anti Kokila.

"Ndio wenyewe. Ati siku hizi wamejishonea mpaka nafasi kwenye hadithi!"

"Wacha wewe, bibi yake yuko pale nyuma."

"Si akae. Kwani nimedanganya?"

Ba alisikia. Aliinuka taratibu, akayachukua makubazi kitini, akayafunga tena kwenye khanga. Ndani ya basi aliyapakata mpaka nyumbani.

Leo nimepekua vitabu nilivyoazima maktaba. Kimoja kinasema viatu vilikuwa vya mbao, kingine vilipambwa kwa dhahabu, kingine hakisemi. Kumbe kila msimulizi ameongeza lake tangu zamani. Dhahabu haikumkera mtu. Ngozi ndiyo iliyokera.

Jioni nilimkuta Ba jikoni akimenya vitunguu saumu, nikamwomba anisimulie tena. Akasimulia vizuri kama kawaida. Siku ya safari ilipofika, mwana wa mfalme akavaa viatu vya mbao, akaenda zake.

Hapakuwa na fundi.

"Ba, na fundi je?"

"Fundi gani, mwanangu? Sema walivyokuandikia. Wao ndio wanaojua."

Nilijua hadithi hubadilika kadiri miaka inavyopita. Sikujua inaweza kubadilika mbele yangu, kwenye meza yetu, kwa sababu bibi yangu amechoka kuchekwa.

Baba anasema niache. Kazini kwake Downsview hakuna anayemuuliza tabaka lake, na hilo linamtosha. Mama anasema Anti Hansa si mtu mbaya. Mama alipopasuliwa, ni yeye aliyetuletea chakula wiki nzima. Ni kweli, na ndiyo maana nachoka. Ningeweza kumchukia, ingekuwa rahisi. Ila leo nimewaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: hajawahi kula kwetu. Kila tukimkaribisha, husema ametoka kula.

Jumamosi kipaza sauti kitakuwa mkononi mwangu. Kabla ya mwana wa mfalme kuondoka kuna kimya kidogo, na sentensi moja ingetosha pale. Sijui kama nikiisema nitamwinua Ba au nitamwaibisha mara ya pili, mbele ya watu wengi zaidi. Hajasema kama atakuja. Lakini usiku huu, akiosha mikono, ameniuliza kama ukumbini huwa kuna baridi.

Wewe unayesoma hapa, ambaye wazee wako walitoka Tanga, Nairobi, Kampala au popote, tafadhali kamuulize bibi yako kisha uniandikie kabla ya Jumamosi, nimsomee Ba: kwenu nyumbani, nani alivitengeneza viatu vile?