Pikipiki Yako Bado Inalala Nje

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pikipiki yako haijaoza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza nani anaumwa na nani ameoa. Tangi bado ni jekundu, mnyororo unang'aa, na kiti kiko vilevile ulivyokiacha, ukitoa kona moja iliyoliwa na panya, ambayo nitakusimulia. Imekaa nje masika yote, imekaa nje kipupwe, imekaa nje vuli. Hapa Kibosho, Shangazi, ambako mwezi wa saba hata chumvi inageuka maji ndani ya kopo. Waliosema haitamaliza mwaka wapite waitazame.

Nakumbuka siku uliyokuja nayo. Nilikuwa darasa la tatu. Ulikuwa umemwacha mume wako kule Mkuu, Rombo, na watu walitegemea urudi na masanduku na machozi. Wewe ulirudi umepanda pikipiki, umevaa gambuti, na nyuma umefunga ule mtungi wa mbegu za madume ya ng'ombe. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Ni mdogo wako, lakini ndiye mtoto wa mwisho wa kiume, kwa hiyo kihamba cha babu kilikuwa chake, nyumba na migomba na kahawa, na neno la mwisho lilikuwa lake pia. Alizitazama gambuti, akautazama mtungi, akasema wewe ni dada yake na chumba kipo, ila hilo dude halitalala chini ya paa lake.

Hukupandisha sauti. Ulisema, "Basi litalala nje. Tutaona kipi kitaoza kwanza, pikipiki yangu au paa lako."

Nilikupenda kuanzia hapo. Sikujua bado kwamba kilichomuuma Baba hakikuwa pikipiki yenyewe, ni kazi uliyokuwa unaifanya nayo. Ulikuwa unapandisha ng'ombe kwa mrija, nyumba kwa nyumba, kutoka Kibosho mpaka Uru, mwanamke peke yako, na mkono umeingia ndani ya ng'ombe mpaka begani huku wenye mji wamekuzunguka wakitazama. Kwenye kilabu cha pombe ya mbege walimuuliza Baba kama siku hizi dume la kijiji ni dada yake. Alirudi nyumbani mapema, mbege hajaimaliza. Wewe ulipoambiwa, ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema waulize pia hao ndama ni wa nani, maana nusu ya maziwa wanayouza yametoka kwenye mtungi wako.

Mahali pa kuiweka ulipachagua mwenyewe. Mama alikuonea huruma akakuonyesha ubavuni mwa zizi, penye kivuli cha bati. Ulikataa, ukasema mvuke wa mkojo wa ng'ombe unakula chuma kuliko mvua. Baba akakuonyesha chini ya mparachichi, nadhani kwa ubaya, na hapo pia ulikataa, kwa sababu parachichi likidondoka kutoka kule juu linabonyeza tangi kama kopo. Ulikwenda upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi, tukabeba mawe bapa kutoka mtoni, ukayapanga, ukaisimamisha juu yake kwa stendi kubwa ili matairi yasiguse tope.

Kila jioni ilikuwa ni kazi, na ulinifundisha yote bila kuniambia kwamba unanifundisha. Kwanza kuosha tope kabla halijakauka. Halafu kukausha kwa kanga kuukuu, mpaka kwenye mikunjo ya injini. Kungoja ipoe. Juu yake shuka la pamba, na juu ya shuka ndipo turubai, lililoinuliwa kwa fito ili upepo upite chini. Mwanzoni niliona ni ujinga kuacha upenyo wakati mvua inamwagika, nikalivuta turubai mpaka chini. Ukalikunja tena. "Mvua haina shida, inapita," ulisema. "Shida ni yale maji unayoyafungia ndani." Betri ililala nasi chumbani siku za baridi, chini ya kitanda, na nguo zangu za shule zikanuka grisi mpaka mwalimu akaniuliza kwetu tunafuga nini.

Na asubuhi, Shangazi! Gari la Baba lililala bandani, chini ya bati, limefungiwa mlango. Ukungu ukishuka kutoka msituni, ndilo lililokataa kuwaka, na sisi watoto ndio tuliolisukuma mpaka barabarani. Wewe ulipiga kiki mara moja, ukatupita taratibu, ukapiga honi kwa adabu kabisa. Baba alikuwa anaangalia mbele tu.

Sasa nitasema lile ambalo halichekeshi. Masika yako ya mwisho ulikuwa umeshaanza kuumwa. Jioni moja upepo ulifungua turubai likawa linapigapiga ukutani. Ulikuwa kitandani, unatetemeka kwa homa. Ulinituma kwa Baba sebuleni, nimwombe pikipiki iingie bandani ubavuni mwa gari mpaka upone. Nafasi ilikuwepo, yeye anajua na mimi najua. Alikuwa anakunywa chai. Alisema alishasema, na hana mazoea ya kusema mara mbili. Nilirudi kukuambia nitakwenda mwenyewe kulifunga, nikakuta umeshavaa gambuti. Tulitoka wote wawili. Wewe ulishika ncha moja na mimi nyingine, mvua inatupiga usoni, na Baba yuko dirishani anatuona. Hukugeuka kumtazama. Ulipomaliza kukaza kamba uliniambia, "Usije ukalia mbele yake." Sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo, sitakudanganya kwamba imekwisha.

Ulituacha kabla masika mengine hayajaanza. Nilikuwa nimemaliza chuo cha mifugo, cheti ninacho, mtungi wako uko chini ya kitanda changu, na mbele ya wote waliokaa na wewe siku zile za mwisho ulisema pikipiki ni yangu. Tulipomaliza kuanua matanga, Baba alichukua ufunguo akautia mfukoni. Alisema mali ya marehemu haiguswi mpaka ukoo ukae, na ukoo utakaa Krismasi, wakati ndugu wote wamepanda kutoka Dar na Arusha.

"Itabaki hapo hapo nje ilikozoea," alisema. "Siku hiyo utaiwasha mbele ya watu. Ikiwaka, chukua, na kazi yake chukua. Isipowaka, inakwenda kwa watu wa skrepa, na wewe unakwenda Dar kuuza dukani kwa mjomba wako."

Nilimwambia sawa. Mengine niliyosema moyoni hayaandikiki.

Fikiria, mashine ikae nje miezi yote hiyo bila kuwashwa hata mara moja. Alijua anachokifanya. Lakini na mimi nililelewa na wewe. Tangi nililijaza mpaka shingoni ili unyevu usipate pa kukaa ndani. Kabureta nikaikausha. Bomba la moshi nikaliziba kwa kitambaa. Kila Jumamosi nilipiga kiki bila ufunguo, polepole, ili pistoni isigande, na Baba akipita nilikuwa napiga kwa nguvu zaidi ili asikie. Betri niliishusha mjini kwa fundi wa Njoro mara kwa mara kuchajiwa, nimeifunga mgongoni kwa kitenge. Abiria wenzangu waliuliza mtoto ana umri gani.

Kisha nikaitwa Bomang'ombe kwa mafunzo ya vitendo wiki kadhaa, na huku nyuma Mama akaona baridi imezidi. Unamjua Mama. Kila kitu kwake dawa yake ni majani makavu ya mgomba. Anafunika mahindi, anafunika mbegu za viazi, anafukia ndizi za mbege humo mpaka zinaiva. Akaifunika na pikipiki. Aliyasokomeza majani yale chini ya turubai, akaijaza pande zote, akaziba kila upenyo, na juu yake akavuta turubai mpaka ardhini. Niliporudi nikafunua, nikakutana na joto la unyevu usoni, na panya mama ametulia ndani ya kiti na familia yake. Bomba la moshi lilikuwa na madoa ya kutu. Mama alisimama nyuma yangu ameshika mdomo. Alisema, "Mwanangu, nilitaka ipate joto tu." Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Tulikaa wote chini siku nzima tukisugua kwa waya wa kusugulia masufuria na mafuta ya taa, na kuanzia siku hiyo Mama akawa mlinzi. Baba alipoegemeza jembe lenye tope kwenye turubai, aliambiwa alitoe, na alilitoa.

Basi Krismasi ikafika. Tulitoka misa, nyama ikawa motoni, mbege ikawa inazunguka, uani hapapitiki kwa magari ya kutoka mjini. Baba aliutoa ufunguo akauning'iniza kidoleni, amechangamka, kama mtu anayejua mchezo utakavyokwisha. Kabla hajaniita, akaingia Mama Aloyce, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, anahema. Ng'ombe wake alikuwa kwenye joto tangu alfajiri, na zamu iliyopita ilimpita hivi hivi kwa kukosa mtaalamu. Wote aliowapigia simu walikuwa wamekwenda kula sikukuu. Aliuliza, ananitazama mimi, kama daktari wa hapa hayupo.

Baba alisema, "Daktari wetu tulishamzika."

Sijui kama alikusudia iumize. Iliumiza. Nilinyoosha mkono nikasema, "Yupo mwingine. Naomba ufunguo, Baba."

Akanipa. Nilifunua turubai, nikafunua shuka, nikazibua bomba. Kiki ya kwanza ilikohoa ikafa, na binamu zangu wa Dar wakacheka. Sikuwatazama. Nilijua kabureta ilikuwa kavu, nikafungua koki nikangoja petroli ishuke, nimesimama tu mbele ya ukoo mzima na mkono kiunoni, kama wewe. Halafu nikapiga tena. Shangazi, iliunguruma mpaka kuku wakaruka. Moshi ulikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya mbege na hakuna aliyelalamika. Mama alikuwa ameshauleta mtungi. Niliondoka na Mama Aloyce nyuma yangu, na nguo zangu za kanisani, sijala hata kipande cha nyama.

Niliporudi, Baba alikuwa ametoa gari lake nje. Banda lilikuwa tupu, limefagiliwa, mlango wazi. Alisema, "Iingize." Nikasema hapana. Nikaiosha, nikaikausha, nikaingoja ipoe, nikaifunika pale pale kwenye mawe yako. Aliufunga mlango wa banda lake tupu, kisha akaingia nyumbani.

Leo asubuhi nimekuta jani la isale limefungwa kwenye usukani. Yale yale tuliyopanda kuzunguka mpaka wa kihamba. Sina haja ya kukufundisha wewe maana yake. Mtu wa kwetu akikuletea isale, amekubali kwamba amekosa na anaomba msamaha, na halikataliwi, hata kama alimwaga damu ya ndugu yako. Baba alikuwa amekaa barazani ananingoja.

Nilimwambia, "Hili si langu. Aliyekosewa si mimi."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimelifunga kwenye pikipiki yake."

Yake. Miaka yote ilikuwa ni hilo dude. Akaniambia anakumbuka jioni ile ya turubai, na kwamba mvua ikinyesha usiku analala macho. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alitaka nilipokee kwa niaba yako niseme yamekwisha, na nakiri nilimwonea huruma, ni baba yangu. Lakini nililifungua lile jani nikamrudishia mkononi. "Kaburi liko pale chini," nikasema. "Mpelekee mwenyewe." Mama aliacha kukoroga mtori. Binti haongei hivyo na baba yake, najua, na nikirudishwa pale nitasema vilevile.

Alitazama mawingu akasema mvua inakuja, labda mchana. Nikamwambia hata wewe ulitoka kwenye mvua.

Aliingia ndani akatoka. Amevaa gambuti. Ninavyoandika hapa anashuka kati ya migomba, jani mkononi, na mvua imeshaanza kweli kweli. Atafika kwako barua hii haijaisha. Watakuambia isale halikataliwi, na watakuwa sahihi, ndivyo tulivyokuta. Lakini wewe hukuwahi kufanya jambo kwa sababu tu watu wamesema lifanywe. Ukitaka kulipokea, lipokee. Ukitaka asimame kwanza, mwache asimame. Mimi sitampelekea mwavuli.

Pumzika, Shangazi. Mvua ikikatika nina ng'ombe wananingoja Uru.

Ni mimi, binti wa mdogo wako.