Maksai wa Wageni Kwenye Ngitili Yako

Baba yangu,

Mwaka umepita sijakuandikia hata mstari, mimi uliyekuwa ukiniita karani wako kwa kuwa kila barua ya ukoo niliiandika mimi. Nisamehe. Kuna jambo lilinifunga mkono, na leo nalisema ili nipumue.

Kwanza habari za nyumbani. Mama hajambo, ila magoti tu. Bado anakuteta kama vile uko hapo nje: akikosa kuni karibu anasema, "Huyu mzee alipenda vichaka kuliko mke." Halafu anacheka, halafu anajifuta macho, na mimi najifanya natafuta kitu jikoni.

Sasa lile jambo. Baba, ngitili yako tuliimaliza msibani kwako.

Wewe unajua ulivyoiacha. Miaka sita uliwafungia ng'ombe eneo lililokuwa tupu kama uwanja wa shule, watu wa huku bondeni Momba wakakucheka: Msukuma gani huyu anawanyima ng'ombe wake malisho? Ukawaeleza kwamba ngitili ni desturi ya kwetu, malisho yanafungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Lakini ya kwako ulikataa kuifungua hata kiangazi, kwa sababu kwale walikuwa wamerudi. Tukikatiza pale ulikuwa unatushika mkono. "Taratibu. Humo kuna mwenye mayai." Na siku ulipomwona nsya, yule mnyama mdogo wa vichakani, ulitupa baiskeli njiani ukaja mbio kwa miguu kutuambia. Baiskeli ilipatikana baada ya siku mbili, na wewe wala hukuwa umeiulizia.

Ulituacha kiangazi kikiwa kikali. Wageni wa Galula walikuja kwa pikipiki, lakini wa Ndalambo walikuja na mikokoteni, na maksai wao walikuwa na njaa. Mama alikuwa ndani amezungukwa na wanawake, kwa hiyo Baba Mdogo alinifuata mimi, mtoto wako wa kwanza. "Kabula, maksai wa wageni walale njaa kwenye msiba wa kaka yangu?" Ulitulea tukijua kwamba mgeni wa msiba hanyimwi kitu. Nikasema wafunguliwe ngitili. Ile miiba iliyoziba mlango wake niliiondoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku ya kuanua matanga hapakuwa na nyasi. Vichaka vilikuwa vimekatwa kuni za kupikia wali na maharage. Nilikaa chini katikati ya vile visiki nikalia, mashangazi wakanifariji kwa ajili yako, nami sikuweza kuwaambia kwamba nalilia vitu viwili.

Shija alikuja kutoka Tunduma, akaangalia, akasema, "Dada, hapa pameshakufa. Tulime ufuta." Unamjua mwanao, biashara kwanza. Nilimwomba anipe masika moja tu. Akakubali kwa shingo upande.

Nikaharibu tena! Upande wa juu niling'oa visiki vyote ili pawe pasafi, nikamwaga mbegu za nyasi nilizokusanya na Mama kandokando ya uzio wa kanisa. Mvua ya kwanza ikazizoa zote mpaka korongoni. Upande wa chini, ambako nilichoka kabla sijang'oa, visiki vikachipua, na nyasi zikaota hapohapo chini yake. Mara ngapi uliniambia, "Kichaka si uchafu, Kabula"? Mimi nilidhani ni uvivu wako wa kushika jembe. Basi nikatandaza matawi ya miiba juu ya ule udongo mtupu, nikamwaga mbegu upya, na safari hii matawi yakazishika. Jumapili moja Shija alikuja kukagua, akaishia kubeba miiba na mimi hadi shati lake la mjini likachanika. Siku hiyo ufuta haukutajwa.

Wiki iliyopita tulifanya kumbukumbu yako. Kiangazi tena, mikokoteni tena. Baba Mdogo akaja na swali lilelile, mara hii mbele ya wageni wote. Nilikuwa nimerundika mabua ya mahindi nyuma ya zizi, nikamwonyesha. "Mabua? Kwenye shughuli ya kaka yangu?" Akaniita mchoyo. Baba, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na nilibakiza kidogo tu niseme wafunguliwe. Ndipo Shija alipoinuka, akaenda kusimama mlangoni pa ngitili na suti yake.

Maksai walikula mabua wakashiba. Baba Mdogo aliondoka bila kuonja chakula, na hadi leo hapokei simu zangu. Nitakwenda kwake nimpigie magoti, maana nampenda, na najua alikuwa anapigania heshima yako. Ila magoti nitayapiga nyumbani kwake, si pale mlangoni.

Wageni walipokwisha kuondoka nilimsikia kwale akilia ndani ya vichaka. Mmoja tu, Baba. Nsya bado hajaonekana, na sehemu kubwa bado ni udongo. Nilisimama kimya mpaka miguu ikafa ganzi, nikatamani sana uwe pembeni yangu unikataze kukohoa.

Nimekukosa mno. Pumzika, Baba yangu. Mama nitamtunza, na kuni nitamtafutia mbali, hata akinuna. Ngitili niliifungua mara moja kwa heshima yako. Nakuahidi sitaifungua tena, hata kwa heshima yako.

Mwanao,
Kabula