Kadi ya Baba na Mgeni Kutoka Quebec

Yorkton, Saskatchewan
Novemba 1996

Kaka yangu mpendwa Orest,

Natumaini wewe, Lorna na watoto mko salama huko Vancouver, na kwamba kile kifua kimekuachia. Sisi hapa theluji imeshatufika. Mwili wa Baba una nguvu. Ni kichwa tu kinachozidi kumtupa. Siku hizi ananiita kwa jina la marehemu Mama, nami naitika.

Jumamosi nilimpeleka uwanjani kwenye maonyesho ya kadi za hoki ya barafuni, zile zenye picha za wachezaji. Walimwomba akae mezani asaini kadi za enzi alizocheza, na nilitaka apate furaha kidogo. Watu walipanga foleni. Wazee walikumbushana alivyotoka shambani kwenda ligi kuu, mzito wa miguu, hajui kufunga mabao, lakini mtu wa timu yake akiguswa yeye ndiye wa kwanza kutupa glavu apigane. Baba alicheka nao, bila shaka hakukumbuka hata nusu.

Akaja mwanamume mmoja mwenye miwani myeusi na tai. Alikuwa na kadi ya Baba ya mwaka wake wa kwanza ligini, ile anayocheka bila meno ya mbele, safi kama imetoka leo kwenye paketi ya chingamu, walimokuwa wakizitia kadi hizo.

“Huyu kijana mzuri ni nani?” Baba akatania, akiitazama picha yake mwenyewe. “Haya, nimwandikie nani?”

“Gaston.”

Baba akaandika. Akamuuliza kama naye alicheza. Yule bwana akajibu kwamba alicheza kidogo, kisha akaacha kwa sababu ya jicho.

“Pole sana, rafiki yangu,” Baba akamwambia, akamshika mkono. “Enzi zetu kulikuwa na watu wakatili.”

Orest, jina lile na jicho lile vilinitosha: alikuwa Gaston Lavallée. Yule yule ambaye Baba alimpiga fimbo ya hoki kwa nyuma ikampata jichoni, kwenye mechi za mtoano. Baba alifungiwa michezo michache akarudi kucheza miaka mingi. Mwenzake hakurudi tena. Na sisi tulisimuliwa kisa hicho kila Krismasi, Baba akiigiza yule Mfaransa wa Quebec anavyoanguka, nasi tukicheka mpaka tunashika mbavu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu yule anapumua mahali fulani, ana tai na viatu vilivyopigwa rangi.

Aliinama akaniuliza taratibu, “Mzee hakumbuki, au ananichezea?”

Hapa ndipo ninapokuomba usinihukumu upesi. Nyuma yake walikuwa wamesimama majirani, na jamaa wa gazeti na kamera yake. Niliona aibu kutamka mbele yao kwamba Baba, yule Metro Hrynchuk wao, amepotewa na akili. Nikatabasamu, nikasema, “Ah, Baba anapenda utani tu.”

Alichukua kadi yake, akaondoka. Nilimwacha aende akiamini kwamba Baba amemdhihaki usoni, baada ya safari yote ile kutoka Quebec.

Nilikaa siku kadhaa sili nikashiba. Mwishowe niliomba namba yake kwa waandaaji, nikampigia. Nilimweleza ugonjwa wa Baba, na uongo wangu. Nikamsikia akizima redio jikoni kwake. Kisha akasema alikuja kutafuta neno moja tu la pole, na kumbe alikuwa amelipata bila kujua. Akasema Baba hakujua anampa nani pole ile, ila aliitoa moyoni, naye ataipokea.

Nikamwomba anisamehe na mimi.

“Wewe, binti,” akaniambia, “nipe muda.”

Ukija Krismasi, Baba akianza kile kisa, tafadhali tusicheke. Tumwombe atuimbie, nyimbo bado anazo.

Wasalimie wote, watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba anakusalimu, leo asubuhi alikutaja kwa jina lako.

Dada yako akupendaye,
Darlene