Daraja la Kongolo na Gauni la Aisha

Dada yangu Mariamu,

Assalaam aleykum. Hujambo wewe, na kifua cha Maman wetu kimepoa? Mvua za Kamembe bado zinaingia ndani kupitia lile bati la jikoni? Sisi huku Kongolo ni wazima, ila mimi nina wivu, tena wivu wenyewe ni juu yako.

Papa Saidi, yule muuza vitenge, amerudi salama. Kanieleza alivyowakuta pale mpakani Rusizi, Aisha wangu mgongoni kwako. Akampa gauni la njano nililolishona kwa mkono, akamwambia, "Maman yako amekutumia." Mtoto akalipokea, akakugeukia wewe: "Asanti, Maman." Papa Saidi alicheka sana. Nami nikacheka naye, kisha nikaenda jikoni nikaunguza ugali.

Najua kwetu mama mkubwa ni mama. Najua ni mimi niliyekuachia mtoto, mara tu alipoacha kunyonya, nikamfuata mume wangu kwenye kazi yake ya kuchomelea vyuma vya reli. Niliogopa kumpitisha mtoto kwenye vita. Lakini Dada, ulishindwa nini kumwambia, "Si mimi"? Wewe tangu utotoni, kitu kikishafika mkononi mwako hakirudi. Kanga yangu ya harusi bado unayo.

Mume wangu, Papa Aisha, ananituliza kwa habari za daraja letu la hapa. Treni imesimama kwa ajili ya vita, lakini bado anakwenda kulitazama kama mgonjwa wake. Anasema Wabelgiji walilijenga juu ya Lualaba, reli na barabara pamoja. Baada ya uhuru likavunjwa vitani, likakaa miaka hivyo hivyo mpaka likatengenezwa. Yeye macho yanamng'aa, mimi nasinzia.

Juzi Koko Feza, bibi anayeuza samaki wakavu pale darajani, akanieleza yake. Daraja lilipovunjika, binti yake mdogo alikuwa ng'ambo ya mto, kwa dada yake Koko. Lilipopona, Koko akavuka mbio, akamkuta msichana mrefu. Msichana akamletea kiti na maji ya kunywa, kwa adabu zote, kisha akaenda kukaa karibu na mama yake mkubwa.

Nikamuuliza, "Koko, mitumbwi haikuwapo?"

"Ilikuwapo, mwanangu. Kila siku bantu balivuka. Miye nilikuwa nangojea daraja. Kila mwaka balisema kazi iko karibu kuisha." Akafunga samaki wake. "Na weye, unangojea nini?"

Nilitaka kumwambia nangojea treni. Nikaona haya.

Basi sisubiri. Barua hii inatangulia na Papa Saidi. Mimi nafuata na wanawake wauza chumvi, kwa miguu mpaka Kalemie, kisha kwa boti mpaka Uvira, halafu huko kwenu. Nikiulizwa njiani, mimi ni mtu wa Bukavu, maana kwa vita hii mtu wa Kamembe hapiti salama. Mume wangu amenuna siku nzima, lakini jioni nimemkuta ananitengenezea sanduku la bati.

Nisalimie Maman, shemeji yangu fundi viatu, mwalimu wetu wa madrasa, na jirani muuza mkaa, wote waniombee dua. Mungu akulipe kwa kunilelea mtoto; hilo nalisema kwa moyo wote, hata kama wivu haujaisha.

Ombi langu ni moja tu. Siku nikibisha hodi, mtoto asiniletee kiti.

Mdogo wako,
Zena