Mfuko wa Soseji wa Bohumila

Vlasta, siamini! SIAMINI!

Mashindano ya mbwa leo, mimi na mbwa wangu Fík tumebakiza kiunzi kimoja tupandishwe hadi daraja la tatu. Bohumila kakaa ukingoni mwa uwanja, akachakarisha mfuko wa soseji. Fík huyoo, akamkimbilia. Tukatolewa!

Nikamuuliza, "Ndiyo nini hii?" Eti, "Nilisikia njaa tu, shoga yangu." Njaa! Huku anacheka!

Sasa sikia. Mchana zamu yake, naye analitaka daraja hilohilo. Nikakaa palepale alipokaa. Mbwa wake kufika kiunzi cha mwisho, nikachakarisha mfuko. Mtupu, hauna hata soseji moja! Mbwa huyo mapajani kwangu.

Bohumila kanijia juu, "Mshenzi wewe, umefanya nini?"

Nikamwambia, "Nilisikia njaa tu, shoga yangu."